Nahamisha mashine ya mabango kutoka Mwenge kwenda Kibaha, nisaidieni isinifie njiani

MamaStika · Jumatatu, saa 3 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Nina mashine ya mabango, ya Kichina, upana wa kuchapa mita 1.6, hedi mbili (vichwa vya kuchapia) za XP600, wino wa eco-solvent (wa kiyeyusho, si wa maji) rangi nne. Nimekaa nayo kwenye fremu ya duka Mwenge, Dar, mwaka wa sita huu. Mwenye fremu amepandisha kodi na anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi na baba watoto tumepiga hesabu tukaona bora mashine ije nyumbani Kibaha, unashuka Maili Moja unaingia ndani kwa bodaboda kama dakika kumi. Kuna chumba cha uani tulikuwa tunawekea saruji na mbao wakati wa ujenzi, sasa ni kitupu. Wateja wangu siku hizi wananitumia faili kwa WhatsApp, bango namkabidhi kondakta wa daladala, wengine sijawahi hata kuwaona sura. Fremu ya barabarani nailipia ya nini?

Shida ni kuihamisha. Fundi aliyenifungia kahamia Mbeya. Niliyempata sasa katajia bei ya kunikata maini, halafu nilipomuuliza wino tunafanyaje akajibu "unakwenda nao tu". Sikuendelea naye.

Nimepata kirikuu, kile kipikapu kidogo, cha 60,000. Dereva kaja kuiona mashine, kasema haienei ikilala, ataiegemeza, upande mmoja juu ya kebini na mwingine chini kwenye bodi, afunge kamba za katani. Anajiamini sana. Mimi roho inanidunda.

Vipimo: urefu sm 260, upana sm 80, kimo sm 130 pamoja na miguu. Mlango wa chumba kipya ni sm 90, kwa hiyo hapo itapita. Ukishaingia kuna kakorido ka sm 120, unakata kushoto ndiyo chumba chenyewe.

Nahama Jumamosi. Aliyewahi kuhamisha anisaidie, na matusi ya kwamba nimechelewa kuuliza nayapokea.

DogoDizaina · Jumatatu, saa 4 usiku

Dada, mbona rahisi hiyo. Toa hedi zote mbili, zisuuze kwa maji ya chupa mpaka yatoke meupe, zifunge kwenye nailoni, tia kwenye mkoba wako. Mashine iliyobaki ni chuma tu, hata wakiibamiza. Mimi nilihama hivyo Sinza kwenda Goba.

MamaStika · Jumatatu, saa 4 usiku

Asante mdogo wangu. Na ulivyozirudisha zilichapa?

DogoDizaina · Jumatatu, saa 5 usiku

Moja ilichapa.

Pimamaji · Jumanne, saa 11 alfajiri

Binti yangu, kabla ya yote, huyo kijana aniwie radhi. Maji hayaingii kwenye hedi ya eco-solvent. Wino ule ukikutana na maji unashikana mabongemabonge kama uji uliokatika, na nozeli za XP600, yaani vitundu vya kutolea wino, ni ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho. Dawa ya kusafishia ni ile iliyotengenezwa kwa wino huohuo, basi. Hiyo moja iliyochapa amshukuru Mungu.

Kutoa hedi kuna mahali pake. Mashine ikienda Mwanza au Bukoba, toa. Mwenge mpaka Maili Moja ni kama km 30, lami tupu, saa moja na nusu hata Kimara ikiwa na foleni. Kila unapochomoa zile kebo bapa za hedi na kuzirudisha unajitafutia nafasi ya kuzikalisha upande. Kebo ikikaa upande ukawasha umeme, hedi inaungua na bodi ya umeme ya mashine inaifuata. Wengi huziua hedi katika kuzilinda. Zako zibaki kwenye kepu zake, vile vifuniko zinavyokalia zikipumzika.

Sasa huyo dereva wako. Mpe shukrani zake aende. Mashine ikiegemezwa, chupa za wino zikawa juu kuliko hedi, wino unateremka wenyewe kwenye mirija, unapita dampa (vile vikopo vidogo vya wino juu ya hedi), unatokea kwenye nozeli hata kama umeme umechomolewa tangu jana. Unafurika kwenye kepu, unapanda ubavuni mwa hedi, unafika pale kebo zinapochomekwa. Utafika Kibaha utaifuta nje itang'aa. Utawasha. Utasikia harufu ya kuungua. Mteja wangu mmoja wa Tabata alipoteza hedi mbili na bodi kwa namna hiyo, na mashine haikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Alikuwa ameifunga kwa magodoro mawili! Watu wanaogopa matuta, wanasahau kwamba wino ni maji na maji hufuata bonde.

Tafuta Canter, lile lori dogo. Bodi yake inailaza hiyo sm 260 na nafasi inabaki ya kukaa vijana.

Ijumaa jioni, kazi zikiisha, chapa karatasi ya kupima nozeli, iandike tarehe, itunze. Piga picha kwa simu kurasa zote za vipimo kwenye kompyuta: hatua ya kuvuta, kwenda na kurudi, ulinganifu wa hedi mbili. Siku kompyuta ikigoma picha hizo ndizo zitakuokoa, vinginevyo utalinganisha upya siku nzima huku ukiteketeza vinyl, ile plastiki ya kuchapia.

Halafu wino. Nyonya uliomo kwenye chupa kwa bomba la sindano, kila rangi na bomba lake, urudishe kwenye madumu yake. Usifike kwenye mirija. Mirija na dampa ziache zimejaa, hewa ikiingia humo utanikumbuka. Kunja kila mrija karibu na chupa ubane kwa zile klipu nyeusi za kubania karatasi. Mfuniko wa chupa una kitundu cha hewa, kibandike selotepu. Chupa ya wino taka imwage kabisa.

Kepu zisafishe, dondoshea dawa matone machache kila moja, shusha hedi zikae juu yake. Kereji, ile inayobeba hedi ikienda na kurudi, ifunge kwa kebo tai kwenye chuma cha fremu ya mashine, kushoto na kulia, isiwe na pa kukimbilia. Usiifunge kwenye mkanda. Na ule utepe mwembamba wa plastiki wenye vimistari unaopita nyuma ya kereji usiuguse hata kwa kidole, mashine inajua iko wapi kwa kuusoma huo.

Wabebaji washike chuma cha chini. Si mfuniko, si reli, si bamba la hita. Wasimamie wewe mwenyewe, mtu akishika mfuniko mpigie kelele.

Mwisho, hesabu yako ya mlango haijanikaa sawa. Sm 80 inapita kwenye sm 90, sawa. Ila kitu cha sm 260 kitakataje kona kwenye korido ya sm 120? Na wima huwezi kuisimamisha, nimeshasema kwa nini. Piga mbao nne fremu ya 260 kwa 80, muipitishe hiyo kwanza. Fanya kabla ya Jumamosi.

MzigoMzito · Jumanne, saa 2 asubuhi

Mzee kamaliza. Naongeza la upande wetu wa wabeba mizigo: chukua wanne wazoefu, usichukue wanane wa kuokota kituoni. Na mkipatana bei, sema "mpaka ndani chumbani, chini, imekaa". Ukisema "mpaka nyumbani" wakifika getini mkataba mpya unaanza.

BwanaPlota · Jumanne, saa 5 asubuhi

Dadangu, mie niko Mombasa. Yangu si ya mabango, ni printa ya picha, Epson ya inchi 44, wino wa maji. Nilihama nayo Likoni kuja Tudor. Niliifunga kwa plastiki raundi nyingi mpaka jirani akaniuliza nasafirisha maiti. Nikafikiria kila kitu, feri nikaisahau.

Pikapu inateremka kuingia ferini, pua chini. Upande wa kisiwani inapanda kutoka, pua juu, na dereva hapo hasubiri, nyuma anapigiwa honi. Tangi la wino taka sikulitoa. Likamwagika lote, na kwa sababu plastiki nilizungusha mpaka chini, wino haukuwa na pahala pa kutokea. Nilipofungua nilikuta printa imekaa kwenye dimbwi kama kiboko. Ilinichukua wiki nzima kwa pamba na vijiti vya masikio.

Kwa hivyo funika juu na ubavuni dhidi ya vumbi, chini acha wazi uweke magazeti. Kukivuja utaona.

Na jambo jingine, sijaona mtu akiuliza. Hicho chumba kiko umbali gani na wanapolala watoto? Wino wenu una mvuke, si kama wangu. Fremu ya Mwenge milango wazi kutwa, upepo unapita. Nyumbani ni mambo mengine.

MamaStika · Jumatano, saa 2 usiku

Mzee Pimamaji, shikamoo. BwanaPlota, MzigoMzito, asanteni.

Baba watoto kapiga fremu ya mbao leo jioni. Alikuwa anacheka, anasema hawa watu wa mtandaoni wanakutia wasiwasi bure. Tukaibeba mimi na yeye, tukaingia mlangoni vizuri, tukaanza kukata kona, ikakwama. Tukarudi nyuma, tukainua upande mmoja, ikakwama. Kwa takriban nusu saa tulikuwa tumesimama kila mtu upande wake wa ukuta tunagombana kuhusu nani kapima. Watoto walifurahi sana.

Haiingii. Ningeileta Jumamosi ingelala nje.

Chumba kina dirisha upande wa nyuma, sm 120 kwa 120, na kutoka dirishani mpaka ukuta wa pili ni mita 3.4. Miguu ya mashine nimeangalia, ni boliti nane, ukiitoa kinachobaki kina kimo kama cha sm 70. Mnaonaje nikiipitisha dirishani? Nondo za dirisha zimechomelewa, itabidi nimwite mchomeleaji azikate halafu azirudishe.

Kuhusu watoto: wanalala nyumba kubwa, uani ni kama hatua kumi na tano. Lakini dirisha ni hilo moja tu. Nimeshamwambia baba watoto tutoboe ukuta wa juu tuweke feni ya kutolea hewa nje, na kule iangalie shamba la jirani, isielekee jikoni.

Pimamaji · Alhamisi, saa 11 alfajiri

Marahaba binti. Dirisha ni sawa kabisa. Miguu itolewe Mwenge, siyo Kibaha, ili kwenye gari pia iwe imekaa chini, uzito uko chini. Kwenye kizingiti cha dirisha tandika godoro, ndani wawe wawili wa kupokea, miguu iwe imeshafungwa inasubiri mahali itakapokaa. Boliti zitie kwenye kopo moja uliandike. Mchomeleaji arudishe nondo KABLA mashine haijachomekwa umeme wowote, na uifunike, cheche zisirukie kwenye mirija.

Ikishakaa, weka pima maji juu ya bamba, urefu na upana. Zungusha miguu mpaka kipovu kikae katikati, magurudumu yasibebe uzito. Iache ilale usiku. Asubuhi chukua tochi, angalia kebo za hedi pale zinapoingia. Ukiona tone, hata moja, usiwashe, nipigie yowe hapa.

MamaStika · Jumapili, saa 1 usiku

Imefika!

Canter ilikuwa 130,000, vijana wanne 80,000, mchomeleaji 25,000. Kwa hesabu ya pesa bado niko chini ya bei ya yule fundi, na nimejifunza mashine yangu kuliko miaka yote sita. Sikujua hata kwamba chupa ya wino taka inafunguka.

Njiani nilikaa nyuma na mashine. Baba watoto alikaa mbele anasikiliza mpira. Ubungo pale juu ya daraja nilikuwa nimeishika kereji kwa mkono, kebo tai zipo lakini nimeishika. Kijana mmoja akaniambia "mama, mashine haitaruka". Barabara ya lami haikuwa na shida, kilichotusumbua ni kile kipande cha mwisho cha udongo, kuna mfereji wa maji ya mvua, nikamsimamisha dereva tukautia mawe kwanza.

Dirishani ilipita kama mkate unaingia tanuri. Kijana mmoja alishika mfuniko, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka.

Leo asubuhi tochi, kebo kavu. Nikarudisha wino, nikatoa klipu, nikataka kuwasha. Ufunguo wa Maintop (programu ya kuchapia), kile kidude kinachochomekwa kwenye USB, hakipo. Niliuchomoa mwenyewe Ijumaa usipotee. Niliuweka kwenye droo ya meza. Meza tulimwachia mpangaji mpya wa fremu. Nimepanda daladala mpaka Mwenge, nimeukuta, nimerudi saa tisa mchana.

Nozeli ziko kamili isipokuwa vimistari viwili vya njano, nikafanya usafi mara moja vikarudi. Nikalinganisha na karatasi ya Ijumaa, sawasawa. Nikaweka bango la kanisa, mita tatu. Hapa ndipo sielewi. Nusu mita ya kwanza safi kabisa, halafu nyeusi inaanza kupauka, ikifika mita moja imekuwa kijivu, kisha haipo. Nikisubiri kama dakika kumi inarudi, nikianza kuchapa inapotea tena. Nyeusi peke yake. Mzee, hedi imekufa?

DogoDizaina · Jumapili, saa 1 usiku

Dampa hiyo dada. Badilisha.

Pimamaji · Jumapili, saa 2 usiku

Usibadilishe kitu. Nenda nyuma, angalia mfuniko wa chupa ya nyeusi.

MamaStika · Jumapili, saa 2 usiku

Mzee. Selotepu ipo. Tatu nilibandua, ya nyeusi mfuniko wote umechafuka wino haikuonekana. Nimeibandua ikatoa sauti "fyuu" kama chupa ya soda.

Pimamaji · Jumapili, saa 2 usiku

Ndiyo. Wino unatoka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, chupa inavuta nyuma mpaka hedi inanyimwa. Ukisubiri inapumua kidogo, ndiyo maana nyeusi ilikuwa inarudi. Kosa ni langu, nilikwambia ubandike sikukwambia ubandue. Dampa za nyeusi zitakuwa zimeingiza hewa, fanya usafi mara mbili kisha ngoja nusu saa.

MamaStika · Jumapili, saa 4 usiku

Bango la kanisa limetoka mita tatu nzima, nyeusi kama masizi. Mungu akubariki mzee wangu. BwanaPlota, magazeti ya chini niliyakuta na doa moja tu la samawati, la ukubwa wa sarafu.

Kuna kakitu kadogo tu, si shida kubwa. Nikishika vinyl inapotoka napigwa na kashoti, kama kamwiba. Mwenge sikuwahi kukasikia. Na mara moja kompyuta imeandika kwamba mashine haionekani, nikachomoa USB nikachomeka ikaendelea.

Pimamaji · Jumapili, saa 4 usiku

Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umefunga?

MamaStika · Jumapili, saa 4 usiku

Chumba hiki soketi zilifungwa za haraka wakati wa ujenzi, kwa ajili ya taa na mashine ya kukatia vigae. Sidhani kama ethi ipo. Fundi umeme anakuja kesho saa nne, atasimika fimbo ya shaba nje hapo chini ya dirisha. Ila nina kazi nyingine ya stika za bajaji, mita sita, mwenyewe anaitaka asubuhi na mapema.

Pimamaji · Jumapili, saa 5 usiku

Chomoa mashine ukutani ukalale. Mwambie mwenye bajaji saa nane mchana.